Sura ya Tisa: Waliouza Zamu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 8 Septemba 1998, kanda ilianza kuzunguka. Kabla mtu yeyote hajasema neno ilisikika sauti ya mpiga debe kwa mbali: "Dabani! Dabani!" Kisha mazungumzo yakaanza.

Kidawa Sufiani alikuwa amekaa mbele ya kinasa sauti katika ofisi ya madalali wa hisa, ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Smith, mjini Durban, Afrika Kusini. Alikuwa mkaguzi wa hesabu, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka sita alikuwa akifanya uchunguzi kwa niaba ya mawakili. Safari hii aliajiriwa na Wakili Belinda, msimamizi wa mambo ya kisheria ya Chama cha Kuzikana. Wanachama walikuwa wahamiaji sabini na wawili, Wakongo na Watanzania, waliochangishana ili mtu akifa ugenini apate sanda, jeneza na kaburi lenye jina.

Kanda ilikuwa ya Ijumaa tarehe 17 Julai, saa sita na dakika hamsini na mbili mchana. Ofisi ile ya madalali ilirekodi kila agizo lililotolewa kwa simu. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Kidawa aliyaandika kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

"Naongea na Bwana Barthélemy?" dalali aliuliza kwenye kanda, baada ya kutajiwa namba ya akaunti ya chama.

Mpiga debe aliita tena kwa mbali.

"Ndiyo."

"Nikusaidie nini?"

"Tunataka kuuza put tatu za soko. Za Septemba."

"Kuuza, si kununua?"

"Kuuza."

"Unaelewa kwamba soko likishuka tutataka dhamana zaidi kutoka kwenu?"

"Ndiyo, ndiyo. Tunauza, tunapokea, tunakwenda mkiani."

"Sawa. Put tatu, zimeuzwa."

Kidawa alirudisha kanda kwenye sentensi ya mkiani. Aliisikiliza mara tatu. Dalali mwenyewe, mtu wa miaka thelathini hivi, alikuwa ameketi ng'ambo ya meza, mikono kifuani.

"Ulimwelewa alikusudia nini hapo?" Kidawa aliuliza.

"Nilidhani Kiingereza kimempiga chenga. Alisema ndiyo, nikaandika ndiyo."

"Sauti ya Barthélemy ulishawahi kuisikia?"

"Mara moja, mwezi wa tatu. Aliagiza put moja, lakini siku ile alinunua."

"Wanunuzi hupata hasara gani?"

"Ada waliyolipa. Basi."

"Na wauzaji?"

Dalali alitazama dirishani. "Inategemea soko litaanguka hadi wapi."

Soko lilikuwa limeanguka sana. Put ni haki ya kuuza: anayeinunua hulipa ada ndogo, na bei za kampuni arobaini kubwa zikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, hulipwa tofauti. Anayeiuza huipokea ile ada, na tofauti yote hulipwa naye. Mwezi wa Agosti peke yake bei zilishuka karibu theluthi. Tarehe 28 madalali waliifunga mikataba ile mitatu na kuchukua rand elfu thelathini na moja na mia nne, ambazo zilikuwa akiba yote ya chama. Ada iliyopokelewa Julai ilikuwa rand elfu mbili na mia moja.

Agizo lilikuwa na jina la mtu mmoja, Barthélemy, mwalimu aliyewafundisha wanachama mambo ya opsheni, yaani mikataba kama ile ya put, kila Jumamosi katika chumba cha kanisa. Mwenyekiti, Boniface, alikuwa amemwandikia Wakili Belinda barua na kumpa hadi saa kumi alasiri ya siku hiyo. Baada ya hapo angekwenda polisi kumshtaki mwalimu kwa wizi. Wakili alikuwa ameeleza kwa barua matokeo yake: karatasi ya ukimbizi ya Barthélemy ingekwisha tarehe 30, na mwenye kesi ya wizi asitegemee kupewa nyingine. Kwao kulikuwa Bukavu. Huko vita vilikuwa vimeanza tena mwezi mmoja uliopita.

Ripoti ya Kidawa ilikuwa na kurasa tano. Ya tano ilikuwa na kichwa, "Aliyetoa Agizo," na nafasi tupu chini yake. Ya kwanza ilikuwa fomu ya kawaida, na swali lake la nne lilichapwa hivi: Je, mchunguzi ana uhusiano wowote na wahusika au na shughuli za chama? Wiki moja iliyopita alikuwa amejibu kwa neno moja. Hapana.

*

Barthélemy alikuwa kazini Morningside, mbele ya safu ya migahawa, amevaa kizibao cha manjano cha walinzi wa magari. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Bukavu alifundisha hisabati sekondari miaka ishirini na mitatu.

"Mama Kidawa, ngoja kidogo. Iko motokari inatoka." Aliingia barabarani, akaizuia teksi kwa kiganja, akamwongoza mwenye gari jeupe kurudi nyuma. Dirisha lilishuka, sarafu ikatoka. "Sharp, boss," alisema, kisha akarudi. "Huyu kila siku fifty cents. Lakini anasalimia."

"Tarehe 17 Julai, Ijumaa, saa saba kasoro, ulikuwa wapi?"

"Hapa. Uliza msimamizi, iko na daftari."

Msimamizi alikuwa nalo. Barthélemy alikuwa ametia sahihi saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kidawa alipima kwa hatua umbali wa kufika kwenye simu ya umma iliyo karibu: hatua mia moja na arobaini, kwenye kona, mbele ya duka la maua. Hakuna kituo cha teksi pale, na hakuna mpiga debe.

"Unaweza kuacha gari kwa dakika kumi ukapige simu?"

"Naweza. Mais nikirudi, mahali yangu imechukuliwa na mwingine. Hapa watu wanangojea mtu aende hata chooni."

"Darasani uliwafundisha kuuza put?"

"Hapana. Nilitaka kuwakataza." Alionyesha gari la bluu lililoegeshwa. "Angalia hii. Mwenyewe analipa bima kila mwezi. Gari isipoibiwa, pesa ya bima imekwenda, ananung'unika, basi. Huyu ni mnunuzi wa put. Sasa, nani anauza bima? Kampuni kubwa, iko na mali ya kulipa magari elfu. Mimi niseme naiuzia mtu bima ya gari hii? Eish. Ikiibiwa nitalipa na kizibao?"

"Hayo uliwaambia?"

"Niliyapanga. Somo la sita, anayeuza na hatari yake. Wiki ile nilikuwa na malaria." Alimtazama. "Si unakumbuka. Nilikupigia simu, ukakubali kunishikia darasa. Bado nakushukuru."

Kidawa alikuwa ameshika kalamu. Hakuandika.

"Uliporudi ulilifundisha?"

"Niliuliza, tulifika wapi? Wote wakasema, opsheni tumemaliza, mwalimu, twende kwa hisa. Sikupenda kurudia juu ya kazi ya mtu aliyenisaidia." Gari lingine liliwasha taa. "Boniface amechukua karatasi yangu ya ukimbizi, eti ya dhamana, nisikimbie. Mama, nikimbilie wapi?"

"Saa kumi utajua."

"Weye unaamini ni mimi?"

"Nina daftari la msimamizi na kanda. Bado jambo moja."

Barthélemy alikwenda kulisimamia gari. Kidawa alifungua ukurasa mpya wa daftari lake na kuandika: Malaria. Somo la sita. Akaongeza tarehe, 18 Aprili, bila kumwuliza mtu.

*

Hoja ilikuwa fupi. Mpiga debe huita anakokwenda. Anayeita Dabani, yaani Durban, yuko nje ya mji huo. Wanachama waliokuwa na simu nje ya mji walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Boniface mwenyewe, aliyekaa Bluff, na Kidawa alimchunguza kwanza kwa kuwa ndiye mwenye haraka ya kumshtaki mtu. Kwa simu, karani wa zamu bandarini alithibitisha kwamba Ijumaa ile Boniface alikuwa ndani ya meli tangu asubuhi hadi jioni. Isitoshe, Kiingereza cha Boniface kilikuwa cha Tanga na Mombasa, na cha kwenye kanda kilipitia Kifaransa.

Wa pili alikuwa Blaise, katibu wa chama. Duka lake la simu lilikuwa Isipingo, hatua thelathini kutoka kituo cha teksi.

Kidawa alifika saa saba kasoro robo. Duka lilikuwa na vibanda vitatu vya mbao na bango la bei: Bukavu, Kinshasa, Dar. Pazia la maua liligawa nyuma, na nyuma ya pazia kulikuwa na saluni ya Marie-Claire, mtunza hazina. Harufu ya dawa ya nywele ilifika mpaka kaunta.

"Da Kidawa, karibu," Blaise alisema. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mbili, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. "Unapiga wapi? Bukavu leo haishiki. Laini zimekufa."

"Sipigi."

Aliweka kinasa sauti kwenye kaunta na kubonyeza. Mpiga debe wa kwenye kanda aliita Dabani. Nje, mpiga debe wa siku hiyo aliita Dabani. Mteja aliyekuwa kibanda cha pili aligeuka kutazama, halafu akaendelea na simu yake.

"Naongea na Bwana Barthélemy?" kanda iliuliza.

Blaise aliziondoa kalamu mfukoni, moja moja, akazilaza kwenye kaunta.

"Ndiyo," kanda ilijibu.

Pazia lilifunguka. Marie-Claire alikuwa na kitana mkononi na glavu za mpira.

"Zima, mama. Mimi nilimtuma."

Kidawa alizima. "Jina la mwalimu mlilitumia kwa nini?"

"Hakupanga," Marie-Claire alisema. "Yule mzungu aliuliza, ni Barthélemy? Huyu akaogopa kusema hapana, simu ingekatwa. Blaise, sema."

"Ni vile," Blaise alisema. "Nilisema ndiyo mara moja. Baadaye haikuwezekana kurudi."

"Hela mlitaka ya nini?"

Marie-Claire alivua glavu. "Unamjua Colette? Anauza mitumba hapa nyuma. Mtoto wake alikufa tarehe 8 Julai, wiki tano tu. Siku ya tisa bado yuko mochwari. Nikaenda kwa Boniface. Akafungua kitabu cha sheria, akanisomea: mtoto wa chini ya mwaka si mwanachama, chama hakimziki. Nikamwambia, donc tumtupe? Akasema sheria tuliipiga kura wote, hata wewe ulinyoosha mkono. Na kweli nilinyoosha."

"Ada iliingia benki tarehe 20, na kesho yake ikatoka hundi. Nani alitia sahihi hundi ya jeneza?"

"Mimi na Boniface. Nilimwambia imepatikana pesa ya pembeni, haikugusa akiba. Akatia sahihi akiwa amesimama, alikuwa anachelewa zamu."

Aliitoa kopi ya hundi kwenye droo ya saluni, chini ya vibanio vya nywele. Tarehe 21 Julai. Sahihi mbili. Kidawa alilinganisha sahihi ya Boniface na ile ya kwenye barua ya kumshtaki mwalimu. Zilikuwa sawa.

"Mlijua kwamba soko likishuka mtalipa?"

"Tulipe nini?" Marie-Claire alisema. "Tuliuza."

"Dalali alimwuliza Blaise kuhusu dhamana. Alijibu ndiyo."

"Nilidhani ni maneno yao ya kila siku," Blaise alisema. "Kama yale ya nyuma ya tiketi."

"Halafu ulisema mnakwenda mkiani."

"Ndiyo. Kama likelemba."

Kila Mkongo wa Durban alikuwa kwenye likelemba, na kila Mtanzania aliijua kwa jina la upatu. Watu kumi huchanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja huzoa kapu lote. Mwenye zamu ya mbele asiye na haja huweza kuiuza kwa mwenye haja. Mnunuzi humpa kitu kidogo na kupanda mbele. Muuzaji hupokea na kwenda mwisho wa safu, mkiani, na hakuna anayemdai. Mnunuzi akifanya upuuzi na kapu ni shauri lake.

"Nani aliwaambia put ni sawa na zamu?" Kidawa aliuliza.

Blaise alimtazama Marie-Claire. Marie-Claire alitazama kitana.

"Ninataka jina."

Blaise aliinama chini ya kaunta na kutoa daftari la shule lenye jalada la kahawia. Alikuwa katibu mzuri: kila somo lilikuwa na tarehe, kichwa, na jina la mwalimu upande wa kulia. Alifungua Jumamosi ya tarehe 18 Aprili na kuligeuza daftari limwelekee mgeni wake.

Kulikuwa na safu ya vikatuni kumi vya watu, na mshale uliotoka kwa wa pili kwenda kwa wa mwisho. Chini yake mwandiko ulikuwa safi: *Opsheni ni kama zamu ya upatu. Anayenunua zamu analipa ili apate haki ya kusogea mbele. Anayeuza anapokea na kwenda mkiani.* Upande wa kulia: *Mme Kidawa,* yaani Madame.

Kidawa alisoma mpaka chini ya ukurasa. Baada ya mshale hakukuwa na kitu. Alifungua ukurasa uliofuata. Ulikuwa wa tarehe 25 Aprili, jina la Barthélemy, kichwa *Hisa*.

"Picha hii niliichora mimi?"

"Ubaoni. Watu walipiga makofi. Mama Cathy alisema miezi miwili hajaelewa, leo ameelewa."

"Nilisema chochote kuhusu muuzaji kubaki na wajibu?"

"Ulikuwa unafika hapo. Kwaya walikuwa mlangoni, walitaka chumba. Ulisema mfano huu una mahali unapovunjika, mwalimu wenu atawaonyesha."

"Na mwalimu aliporudi mkamwambia mmemaliza."

"Tuliona tumemaliza," Blaise alisema. "Tulikuwa tumeelewa."

Mteja wa kibanda cha pili alitoka, akalipa, akaondoka. Marie-Claire alisubiri mlango ufungwe.

"Jumanne iliyopita uliingia hapa na mkoba wako," alisema. "Nikamwambia huyu, njo mwenyewe, ndiye huyu, amekuja kusema ni yeye alitufundisha. Weye ukatoa karatasi ukatuuliza, mwalimu Barthélemy ana tabia gani?"

"Mlipaswa kuniambia siku hiyo."

"Ungeandika?"

Kidawa alifungua mkoba. Alitoa kamera ndogo, akapiga picha ya ukurasa mara mbili, akaomba daftari lenyewe, akamwandikia Blaise stakabadhi.

"Sisi je?" Blaise aliuliza.

"Nitaandika mlichofanya. Ulijitaja kwa jina la mtu mwingine, na mlitoa agizo bila ruhusa ya mkutano. Nitaandika pia hela ilikwenda wapi. Zaidi ya hapo ni la wakili."

"Na mwalimu?"

"Hakutoa agizo."

Marie-Claire alivaa glavu zake tena. "Hilo liandike juu, mama," alisema. "Lianze."

*

Ofisi ya Kidawa ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la mtaa wa Victoria. Boniface alikuwa amekwisha kufika saa tisa na robo, bado na viatu vya kazini. Mlangoni hakuvivua, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango ili asichafue zulia.

"Da Kidawa, shikamoo siwezi kukupa, tuko sawa kwa umri," alisema. "Nipe jina tu."

"Subiri nimalize kuchapa."

Alichapa kwa dakika ishirini na tano. Ukurasa wa tano ulijaa: aliyepiga simu, aliyemtuma, mahali, saa, ushahidi wa mpiga debe, daftari la walinzi wa magari. Ukurasa wa nne aliuongezea hundi. Kisha aliingiza karatasi nyingine kwenye mashine. Aliandika kichwa, "Chanzo cha Kosa," na mistari kumi na moja chini yake, kwa jina lake kamili na tarehe. Mstari wa tisa ulisema: *Mfano ulikuwa sahihi kwa mnunuzi na haukuwa sahihi kwa muuzaji. Mtoa mfano alilijua hilo na aliondoka chumbani bila kulisema.*

Mwisho alirudi kwenye ukurasa wa kwanza. Alikata neno Hapana kwa kalamu, akaandika Ndiyo juu yake, akatia herufi za jina lake pembeni.

Alimpa Boniface kurasa zote. Boniface alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kwenye ukurasa wa nne kidole kilisimama.

"Hii hundi ni ya Colette."

"Ndiyo."

"Marie-Claire alisema ni hela ya pembeni."

"Ulimwuliza pembeni ya wapi?"

Boniface alikuna kidevu. "Sikuuliza. Nilishamkatalia mara mbili. Nilifurahi imepatikana, nisiulizwe tena." Alisoma ukurasa wa tano, kisha wa sita. Aliusoma wa sita mara mbili. "Huu umeuweka wa nini? Jina la mwizi nililotaka liko ukurasa wa tano. Au niseme, hakuna mwizi. Lakini huu Belinda akiusoma atakufukuza. Kazi ya mawakili hutaipata tena mji huu."

"Bila huo, wa tano hauelezeki. Atauliza kwa nini watu wawili wenye akili waliuza put bila kuogopa."

"Waweza kusema ni ujinga wao."

"Waliandika nilichosema, neno kwa neno. Daftari lipo."

Boniface alizipanga kurasa, akazigonga mezani ziwe sawa, akamrudishia. Aliingiza mkono ndani ya koti. Karatasi ya ukimbizi ya Barthélemy ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Aliiweka mezani, karibu na kinasa sauti.

"Mpelekee wewe," alisema.

"Uliichukua wewe."

Boniface aliichukua tena, akaitia mfukoni, akasimama. Aliuliza teksi za Morningside husimama wapi. Kidawa alimwonyesha kwa kidole, kupitia dirishani. Boniface alishuka ngazi.

Kidawa aliziingiza kurasa kwenye faksi kwa mpangilio na kupiga namba ya Wakili Belinda. Saa tisa na dakika hamsini na sita mashine ilitoa karatasi ndogo ya uthibitisho. Kurasa zilizotumwa: sita. Zilizopokelewa: sita.